Ndugu Asiyesimuliwa: Nafasi ya Ndugu wa Mtoto Mwenye Ulemavu katika Fasihi, kwa Kuitazama Thika na Ruiru

Utangulizi

Waswahili husema mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi. Methali hii hutumiwa kumwonya msikilizaji kwamba uzito wa jambo haujulikani na mtu anayelitazama kwa mbali. Ndani yake, hata hivyo, mna watu wawili tu: mwenye mzigo, na mwenzake anayeudhania kuwa mwepesi. Methali haimtaji mtu wa tatu, yaani yule anayeushika mzigo kwa upande mmoja tangu utotoni, ambaye hawezi kuuita wake na hawezi pia kusema kwamba haujui. Mtu huyo ni ndugu wa toka nitoke wa mtoto mwenye ulemavu.

Uhakiki wa usawiri wa ulemavu katika fasihi yetu umekuwa ukiuliza maswali mawili makuu. La kwanza ni iwapo mhusika mwenye ulemavu amechorwa kama mtu kamili au kama ishara ya laana, adhabu au uozo wa jamii. La pili ni namna wazazi wake wanavyompokea. Maswali haya ni ya lazima. Lakini kwa kuyarudia bila ya kuongeza la tatu, uhakiki umeichukua nyumba ya mtoto huyo kuwa ni nyumba ya watu watatu, baba, mama na mtoto, ilhali nyumba nyingi za Afrika Mashariki zina watoto kadhaa wanaolala chumba kimoja. Makala haya yanadai kwamba ndugu asiye na ulemavu ni pengo katika fasihi yetu. Kwamba pengo hilo lina sababu zake za kilugha na za kisimulizi. Na kwamba kulijaza ni jambo lenye hatari ambayo mtunzi na mhakiki hawana budi kuikabili. Miji ya Thika na Ruiru inachukuliwa kuwa kipimo, kwa kuwa ni mahali ambapo pengo hilo linaonekana kwa macho.

Thika isiyoandikwa

Katika ramani ya elimu maalumu nchini Kenya, Thika ina nafasi ya pekee. Hapo ndipo Jeshi la Wokovu lilipoanzisha shule ya vipofu mwaka 1946, ya kwanza ya aina yake nchini. Na hapo ndipo shule ya Joytown, ya watoto wenye ulemavu wa viungo, ilipofunguliwa na Jeshi hilohilo mwaka 1962. Miaka miwili baadaye, mwaka 1964, kamati iliyoongozwa na Ngala Mwendwa ilitoa ripoti yake kuhusu malezi na urekebisho wa walemavu. Huduma za kuwapima watoto na kuwaelekeza kwenye shule zinazowafaa zilianza mwaka 1984. Kwa hiyo, kwa miongo mingi, jina la Thika limekuwa na maana maalumu kwa familia za kutoka pembe zote za nchi: ni mahali ambapo mtoto mmoja wa nyumba hupelekwa, na wengine hubaki.

Fasihi imeiona Thika nyingine. Kitabu kilichoutangaza mji huu duniani ni The Flame Trees of Thika cha Elspeth Huxley, kilichotoka mwaka 1959, nacho ni kumbukumbu za utoto wa binti wa walowezi. Ni muhimu kutambua kwamba Huxley alikuwa mtoto wa pekee wa wazazi wake. Utoto maarufu kuliko wote uliopata kuandikwa kuhusu Thika, basi, ni utoto usio na ndugu. Hali kadhalika Ruiru: wengi huijua kwa kahawa, hasa aina ya Ruiru 11 iliyotolewa kwa wakulima mwaka 1985 baada ya utafiti wa kituo cha hapo. Mananasi, miti na kahawa vimepata jina. Watoto hawajapata.

Zingatia sasa umbali. Kwa familia ya Turkana au ya Taita, Thika ni safari ya siku nzima au zaidi, na mtoto aliyepelekwa huko huwa kama msafiri wa ng'ambo: anasubiriwa likizoni. Kwa familia ya Ruiru, Thika iko takriban kilomita 20 tu, kwenye barabara ileile ambayo tangu kupanuliwa na kufunguliwa rasmi mwaka 2012 imezidi kuifanya miji hii miwili kuwa kama mtaa mmoja mrefu. Ndugu aliyebaki Ruiru anaweza kusimama kando ya barabara na kusikia makanga wakiita abiria wa mji anamoishi ndugu yake. Shule zote mbili zilizotajwa ni za bweni. Hivyo katika mwaka mmoja ndugu huyu huwa mtoto wa aina mbili: muhula unapoanza anapewa kitanda chote na sikio lote la mama, likizo inapofika anakuwa tena mshika mkono, msukuma kiti, mfasiri wa ishara. Anaweza kuifurahia nafasi aliyoipata na kuionea haya furaha hiyo katika saa moja.

Hii ni hali ya kisimulizi iliyo tayari. Ina utengano, ina marejeo, ina siri, ina hatia isiyo na kosa. Ni vitu hivi hivi ambavyo riwaya hujengwa kwavyo. Swali la kuulizwa ni kwa nini havijajengwa.

Ngeli, jina na utata

Sababu ya kwanza imo katika lugha. Imezoeleka kulalamika kwamba Kiswahili kimewaweka kipofu, kiziwi na kiwete katika umbo la ngeli ya KI-VI, pamoja na kiti na kisu, na kwamba umbo hilo linawadunisha. Hoja hii ina ukweli, lakini haitoshi. Umbo hilohilo limembeba kiongozi na kijana. Na katika nyumba tunayoizungumzia limewabeba kifungua mimba na kitinda mimba, ambao ni majina ya mapenzi. Aidha, upatanisho wa sarufi humrejeshea mtajwa utu wake: kipofu amekuja, wala si kimekuja. Lawama haiwezi kuishia kwenye kiambishi.

Tatizo kubwa zaidi liko katika namna jina la ulemavu linavyochukua mahali pa jina la mtu, kisha likaendelea kumla na jirani yake. Chukua kirai kama "dadake kiziwi". Msikilizaji asiyeijua familia hana njia ya kuamua kisarufi kama anayetajwa ni dada aliye kiziwi, au ni dada asikiaye ambaye nduguye ni kiziwi. "Kaka yake kipofu" ni vivyo hivyo. Lugha imewaweka ndugu wawili ndani ya kirai kimoja bila ya kuwatenganisha, na wote wawili wamepoteza majina yao. Mmoja ameitwa kwa hali yake. Mwingine ameitwa kwa hali ya mwenziwe.

Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, katika ibara ya 54, inampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa na kuitwa kwa namna isiyomdunisha. Ni ibara inayohusu matumizi ya lugha, na wanafasihi wanapaswa kuisoma kama inavyosomwa na wanasheria. Kutokana nayo, kirai "mtu mwenye ulemavu" kimeanza kushika mahali pa majina ya zamani. Lakini hakuna kirai kilichobuniwa kwa ajili ya yule wa pili. Yeye bado ni "ndugu yake fulani". Jambo lisilo na jina ni vigumu kulifanya mhusika mkuu.

Adili: ndugu wa usiku

Pengo hilo halikuwapo tangu mwanzo kwa ukamilifu. Adili na Nduguze ya Shaaban Robert, iliyochapishwa mwaka 1952, inaweza kusomwa upya kwa swali hili. Adili, liwali wa Janibu, ni mtawala mwema mbele ya watu. Usiku huingia chumba cha siri, akawacharaza mjeledi manyani wawili, kisha akawalisha na kuwatuliza. Ikibali, mjumbe wa Mfalme Rai, anaiona siri hiyo, na Adili analazimika kueleza mbele ya mfalme kwamba manyani hao ni ndugu zake, Hasidi na Mwivu, waliogeuzwa na Huria kwa sababu ya uovu wao, na kwamba yeye mwenyewe ameamriwa kuwapiga.

Kwa kawaida hadithi hii husomwa kama funzo la maadili: wema hushinda husuda. Usomaji huo ni sahihi kwa kadiri yake. Hata hivyo, umbo la hadithi linasema zaidi. Linamwonyesha mtu aliyegawanyika baina ya mchana wa heshima na usiku wa undugu. Mtu anayewaficha ndugu zake waliobadilika maumbile. Anayewaumiza bila ya kutaka na kuwahudumia bila ya kusifiwa. Na ambaye hawezi kusema hadi aulizwe na mwenye mamlaka. Ni vigumu kupata katika nathari yetu ya zamani picha iliyo karibu zaidi na siri ya nyumba yenye mtoto anayefichwa wageni wanapobisha hodi.

Lakini ni katika hadithi hiyohiyo ambamo kikwazo kinaonekana. Miili ya Hasidi na Mwivu imebadilishwa kwa kuwa walitenda maovu. Mantiki hii, kwamba mwili usio wa kawaida ni malipo ya kosa fulani, ndiyo iliyoendelea kuwaandama watoto wasio na kosa, pamoja na mama zao. Aidha, hadithi inamalizika kwa ndugu kurudishiwa maumbile yao. Adili anapata faraja kwa njia ya mabadiliko ya wenziwe. Ndugu wa Ruiru hana mfalme wa kumwandikia majini barua. Ndugu yake atarudi likizoni kama alivyokwenda, na mapenzi yao hayana budi kukua bila ya muujiza. Fasihi ya kihalisia ilipokuja ilipaswa kulichukua jambo hili mahali Shaaban Robert alipolifikisha. Haikufanya hivyo, ilipita njia nyingine.

Joseph na Imani: ndugu wa kuazimwa

Njia hiyo inaonekana katika riwaya mbili za Kenya zilizopishana kwa miaka 35. Katika Petals of Blood ya Ngũgĩ wa Thiong'o, iliyotoka mwaka 1977, Abdulla ni mwenye duka wa Ilmorog aliyepoteza mguu katika vita vya ukombozi. Anaishi na mvulana aitwaye Joseph, ambaye anamwita mdogo wake. Joseph hutumwa, hufokewa, huuza duka, wala haendi shule. Wanja anapojitolea kusaidia dukani, ndipo mvulana anapata nafasi ya kusoma, na baadaye anafika Siriana. Hapa Ngũgĩ ameona kwa usahihi mkubwa uchumi wa jambo: kinachoamua kama mtoto huyu atasoma ni mgawanyo wa kazi katika nyumba maskini, wala mguu wa Abdulla si sababu. Zinapoongezeka nguvu za mikono miwili dukani, Joseph anaachiliwa. Lakini riwaya baadaye inafichua kwamba Joseph si ndugu wa Abdulla kwa damu. Ni mtoto aliyemwokota.

Katika Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, iliyotoka mwaka 2012 na kusomwa na maelfu ya wanafunzi wa shule za upili, nyumba ya Mwalimu Majisifu ina watoto wenye ulemavu. Baba anawaonea aibu na kuzama katika ulevi. Mama, Dora, amechoka. Anayewatunza kwa moyo mkunjufu ni Imani, msichana aliyeajiriwa. Kupitia Imani, Walibora anaisuta jamii: anayetoka nje ya ukoo anatenda kile ambacho wenye ukoo wameshindwa kukitenda.

Ukiziweka riwaya hizi pamoja, mpangilio unajitokeza. Zote mbili zimehitaji kijana wa kukaa ubavuni mwa mtu mwenye ulemavu, na zote mbili zimemwazima kutoka nje. Joseph ameokotwa, Imani ameajiriwa. Ndugu wa damu hayupo. Sababu yake ni ya kisimulizi. Wema wa mgeni ni tukio: angeweza kuondoka, hakuondoka, na msomaji anamstahi kwa hilo. Ukarimu wa ndugu ni wajibu, na wajibu hauhesabiwi kuwa tendo. Akiutimiza, hakuna la kusimulia; akiushindwa, amekuwa Hasidi au Mwivu. Kwa hiyo mtunzi anayetaka kuonyesha mapenzi kwa mtoto mwenye ulemavu huona wepesi kumleta mtu asiye na deni. Hasara yake ni kwamba hisia zenye utata zaidi, wivu kwa ada zilizolipiwa mwenzake, uchovu, haya mbele ya marafiki, fahari ya kuwa wa pekee anayeelewa usemi wake, zote zinabaki nje ya riwaya pamoja na mwenye kuzihisi.

Tom na Ma-chan: mlinganisho

Fasihi za kwingineko zimewahi kumpa ndugu huyu nafsi ya kwanza. Katika tamthilia ya Tennessee Williams, The Glass Menagerie, iliyoonyeshwa kwanza Chicago mwaka 1944, msimulizi ni Tom, na dada yake Laura ana kilema cha mguu. Tom anafanya kazi asiyoipenda ili kuilisha nyumba ambayo baba aliitoroka. Mwishowe naye anaondoka, lakini hafiki popote, maana dada anamfuata katika kumbukumbu. Tamthilia haimtetei wala haimhukumu. Udhaifu wake ni kwamba Laura mwenyewe ana maneno machache. Amekuwa dhaifu kama wanyama wake wa kioo, na msomaji anamjua kupitia majuto ya kaka.

Mfano wa pili ni riwaya ya Kenzaburō Ōe wa Japani iliyotoka mwaka 1990 na kujulikana kwa Kiingereza kama A Quiet Life. Msimulizi ni Ma-chan, mwanafunzi wa chuo kikuu anayebaki nyumbani na kaka yake Eeyore, mwenye ulemavu wa akili, wazazi wakiwa Marekani. Riwaya imejaa mambo madogo: safari za basi, masomo ya muziki, hofu za usiku. Tofauti na Laura, Eeyore anatenda. Anatunga muziki, anatania, na karibu na mwisho ndiye anayemkinga dada yake dhidi ya mtu mwenye nia mbaya. Msaada unakwenda pande zote mbili. Hata hivyo mhakiki asisahau kejeli iliyomo: Ōe alikuwa baba wa kijana mwenye ulemavu, na sauti ya binti katika riwaya imetungwa na baba. Hata pale ambapo ndugu amesema, amesemewa.

Pingamizi

Kuna pingamizi zito dhidi ya hoja ya makala haya. Watu wenye ulemavu wamepigania kwa muda mrefu kutoka katika nafasi ya kuwa mzigo wa wengine. Je, kumpa kipaza sauti ndugu asiye na ulemavu, ili aeleze alivyochoka, si kuwarudisha walipotoka? Je, si kumfanya mtoto mwenye ulemavu kuwa tena msiba katika hadithi ya mtu mwingine?

Pingamizi hili haliwezi kupuuzwa, na kazi mbaya ya aina hii ingelithibitisha. Lakini dawa ya usimulizi mbaya haijawahi kuwa ukimya. Yapo mambo matatu yanayoweza kuipima kazi. Mosi, je, mtoto mwenye ulemavu naye anamtazama ndugu yake, anamhukumu, anamcheka, anamwonea wivu? Kama kutazama kunakwenda upande mmoja tu, kazi imeshindwa. Pili, je, uzito umewekwa mahali pake? Wakikuyu wana methali kwamba tembo haelemewi na pembe zake. Kinachomlemea ndugu wa Ruiru ni nauli, ada, ngazi za nyumba za kupanga zisizopitika kwa kiti cha magurudumu, na macho ya watu kituoni. Mwandishi anayeyaacha hayo akaulaumu mwili wa mtoto ameandika uongo wa kijamii, hata kama hisia zake ni za kweli. Tatu, je, ndugu anaruhusiwa kukasirika bila ya msuko kumwadhibu? Mtoto wa miaka kumi anayetamani siku moja aende sokoni peke yake hajawa Mwivu.

Ikumbukwe pia kwamba anayenufaika na ukimya wa sasa si mtoto mwenye ulemavu. Ukimya unamlinda mzazi, anayeamini kwamba watoto wengine hawakuona kitu. Na unailinda jamii, iliyozoea kupokea kazi ya watoto hao bila ya kuiita kazi.

Hitimisho

Imeonyeshwa kwamba ndugu wa mtoto mwenye ulemavu amekosa jina katika lugha, amefichwa na ngano ya maadili, na amebadilishwa na mtu wa kuazimwa katika riwaya ya kihalisia. Imeonyeshwa pia kwamba hali za kumsimulia zipo, tena ziko karibu: kati ya shule za bweni za Thika na vyumba vya kupanga vya Ruiru kuna barabara moja, na watoto wawili katika ncha zake.

Haifai kumwamuru mtunzi la kuandika. Linalowezekana ni mhakiki kubadili maswali yake. Anapokutana na mtoto mwenye ulemavu katika kazi yoyote, aulize ni nani mwingine aliyelala chumba kile, na alifanya nini mchana. Na mwalimu anayesomesha Kidagaa Kimemwozea anaweza kumuuliza mwanafunzi Imani angekuwa mtu gani lau angekuwa dada yao wa tumbo moja, asiyelipwa mshahara na asiye na pa kwenda. Baadhi ya wanafunzi watalijibu swali hilo kwa kukisia. Wengine hawatahitaji kukisia, na huenda hiyo ikawa mara ya kwanza wao kuulizwa.

Kirai "dadake kiziwi" kitabaki na utata wake. Si kazi ya fasihi kukisahihisha. Kazi yake ni kuwapa dada wote wawili waliomo ndani ya kirai hicho majina yao, kisha kumwacha kila mmoja aseme.